Juma la Mazoezi na Jua la Siku ya Mbio

Kiangazi ndicho kipindi ambacho njia hupitika, na ndicho ambacho vijana wa mipakani hujiandaa kwa mbio za masafa marefu. Wengi hujiandaa kwa bidii, lakini hujiandalia siku isiyo ile watakayokutana nayo. Mtu hukimbia alfajiri penye ubaridi miezi mitatu, kisha hushindana jua likiwa limekwisha kupanda.

Usiku wa tarehe 27 Septemba 2019, mjini Doha, wanawake 68 walianza mbio za marathoni za ubingwa wa dunia karibu na saa sita ya usiku, ili kulikwepa jua. Hata hivyo joto lilizidi nyuzi 30, hewa ikiwa nzito kwa unyevu, na 28 kati yao hawakumaliza. Mshindi, Ruth Chepngetich wa Kenya, alitumia saa 2, dakika 32 na sekunde 43, ilhali Januari ya mwaka huohuo alikuwa ameshinda Dubai kwa saa 2, dakika 17 na sekunde 8. Ikiwa bingwa alipunguza mwendo kiasi hicho, kijana wetu asione haya kupunguza wake.

Juba iko mita 550 hivi tu juu ya usawa wa bahari, na Machi 2024 serikali ilifunga shule nchini kwa sababu ya joto lililotazamiwa kufikia nyuzi 45. Anayeshuka kutoka miinuko ya Imatong huja na mapafu mazuri, lakini mwili wake haujajifunza kutoa jasho la bondeni.

Tuchukue mfano wa mbio za kilomita 21 zinazoanza saa mbili asubuhi. Siku moja katika juma, tuseme Jumamosi, iwe nakala ya siku ya mbio: saa ileile, viatu vilevile, chakula kilekile cha asubuhi, na ardhi ileile, kwani lami huchosha miguu kwa namna isiyo ya vumbi. Aanze kwa kilomita 10, aongeze mbili kila juma hadi afike 18, na kila juma la nne apunguze. Jumanne akimbie vipande vifupi vya kasi, Alhamisi mwendo wa wastani, siku nyingine mbili polepole kivulini, zilizobaki apumzike. Kukimbia juani kila siku tangu mwanzo si ushujaa, ni kujimaliza.

Majuma mawili ya mwisho yana utaratibu wao. Mwili huchukua siku 10 hadi 14 kulizoea joto: maji ya damu huongezeka, jasho huanza mapema na hupoteza chumvi kidogo. Hivyo katika siku hizo akimbie kwa upole hadi saa nzima penye joto karibu kila siku, huku akipunguza jumla ya kilomita. Maji nayo yafanyiwe mazoezi. Lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi vinatosha. Anywe kadiri ya kiu, maana kujaza tumbo maji matupu nako huleta madhara.

Mwenzenu akianza kuyumba na kusema maneno yasiyoeleweka, msimhimize amalize. Mlazeni kivulini, mmwagieni maji mwili mzima na kumpepea papo hapo, huku mmoja akitafuta gari la kumpeleka hospitalini. Kumpoza kusingoje gari.

Lipo jambo moja ambalo vitabu vya riadha havilitaji. Kundi la vijana wanaokimbia kuelekea mpakani kabla ya mapambazuko laweza kudhaniwa wezi wa mifugo, na anayewadhania hivyo huenda ana bunduki. Tunawaomba mngoje kupambazuke, na jioni ya kuamkia mazoezi mmjulishe chifu wa boma na kituo cha polisi kilicho karibu idadi yenu, njia na saa. Pande nyingi za Equatoria bado zina mabomu ya ardhini, hivyo mkato wa porini usijaribiwe hata kama unapunguza kilomita tatu. Katika barabara ya Juba hadi Nimule kimbieni mkiyaelekea magari, mstari mmoja, nje ya lami malori yanapopishana. Anayekimbia peke yake na aache nyumbani jina la njia aliyoishika na saa anayotarajia kurudi.