Somo: Mtoto wa Damu SS

Ewe mzazi, labda mtoto wako alizaliwa mzima, akanyonya vizuri. Kisha, karibu na mwezi wa sita, mikono na miguu yake ikavimba, akalia usiku kucha, macho yakawa ya manjano. Watu wa ukoo wakasema, "Huu ni uchawi," ao, "Mama ndiye mwenye kosa." Sikiliza sababu ya kweli.

1. Ugonjwa watoka wapi?

Ndani ya damu mna hemoglobini, inayochukua hewa toka mapafuni mpaka viungo vyote. Namna ya kuitengeneza imeandikwa mwilini katika jeni. Kila mtu amepokea jeni moja kwa baba na moja kwa mama. Mwenye AA hana kosa katika maandiko hayo. Mwenye AS amepokea kosa upande mmoja, naye ni mzima. Mwenye SS amelipokea pande zote mbili. Baba na mama wakiwa AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto wa SS. Kosa hili si dhambi. Ni herufi moja tu iliyobadilika. Basi, baba, usimfukuze mke wako: nusu ya SS imetoka kwako.

2. Kwa nini hakuugua tumboni?

Jeni ni kama kitabu chenye sura nyingi, na mwili hausomi sura zote siku moja. Mtoto akiwa tumboni, mwili husoma sura ya hemoglobini ya mimba, isiyo na kosa. Akiisha kuzaliwa, sura hiyo hufungwa polepole, na sura ya watu wazima hufunguliwa. Humo ndimo kosa lilimo. Ndiyo maana ugonjwa hukawia miezi kadhaa.

3. Ugonjwa hufanya nini?

Chembe za damu hujipinda kama mundu na kuziba mishipa midogo. Katika mapafu huleta homa, maumivu ya kifua na kupumua kwa shida. Katika figo, mtoto hukojoa sana na kukaukiwa na maji. Katika ngozi, vidonda huweza kutokea karibu na kifundo cha mguu, visivyopona upesi.

4. Kuna msaada gani?

Dawa iitwayo hidroksiurea huifungua tena ile sura ya kwanza. Haifuti kosa, lakini mwili hutengeneza tena hemoglobini ya mimba, na chembe hazijipindi sana. Katika mwaka 2019 waganga walitoa habari za watoto 606 waliotumia dawa hiyo Kinshasa, Mbale katika Uganda, Kilifi katika Kenya, na Luanda katika Angola. Maumivu yalipungua, malaria ilipungua, kuongezewa damu kulipungua, hata vifo vilipungua. Lakini usiinunue sokoni kwa kukisia. Munganga lazima apime damu mara kwa mara, na mwanamke mwenye mimba asiimeze pasipo shauri la munganga.

Nyumbani, umpe mtoto maji mengi, umlaze ndani ya chandarua, umfunike vizuri wakati wa baridi ya milima yetu. Akipata homa, ao kupumua kwa shida, ao kupauka ghafula, usingoje kesho, mlete hospitali. Nanyi vijana mnaotaka kuoana, pimeni damu kwanza.

Soma Yohana 9:1-3. Wanafunzi walitafuta mwenye dhambi kwa sababu ya kipofu; Bwana Yesu hakumhukumu kipofu wala wazazi wake, bali alimponya. Nasi tuache kutafuta mchawi, tumchukue mtoto na kumtunza.

Maulizo

1. Mtoto wa SS amepokea ugonjwa kwa nani?
2. Kwa nini hauonekani siku ya kuzaliwa?
3. Dawa hufungua sura gani?
4. Utamjibu nini jirani anayemshitaki mama?