Kuchagua Chujio la Redio
Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Muhula huu wazazi wametuchangia fedha za kununua chujio moja kwa ajili ya redio ya kupeleka na kupokea habari ya chama chetu. Wanachama wengi husema, "Tununue lile jembamba kuliko yote." Kabla fedha hizo hazijatoka, yafaa tujue kazi ya chujio ni nini.

Chujio la redio ni mfano wa chekecheke la unga. Vituo vingi huingia pamoja katika waya wa eriali. Chujio hupitisha kile tukitakacho na kuwazuia jirani zake. Machujio mengi ya redio za ridhaa hutengenezwa kwa fuwele za kwatzi, kwa kuwa kila fuwele hutetemeka kwa kasi yake maalumu bila kuyumba.

Kipimo cha kwanza ni upana. Sauti ya mtu asemaye kwa njia ya ukanda wa upande mmoja yataka hezi 2,400 hivi. Ukiibana katika hezi 1,800 maneno bado yafahamika, lakini sauti huwa kama ya mtu aliyeziba pua. Alama za Morse hazihitaji nafasi kubwa. Hezi 500 zatosha.

Redio yetu tayari ina chujio la hezi 2,400. Tukisikiliza Morse kwa hilo, vituo kadhaa hulia pamoja kama kuku bandani. Nguvu ya makelele ya anga hufuata upana wa chujio. Basi kwa chujio la hezi 500 makelele hupungua karibu mara tano, na kituo dhaifu kilichofunikwa huibuka.

Je, mbona tusinunue la hezi 250? Kwanza, chujio jembamba mno huendelea kulia kama kengele iliyokwisha pigwa, na alama zikienda kasi huungana. Pili, kituo kikiwa kando kidogo tu hakitasikika, na mwanafunzi anayeanza atazungusha kitasa kutwa nzima asikipate.

Tukifika dukani tuangalie mambo mawili. Chujio lazima lilingane na masafa ya kati ya redio yenyewe: la megahezi 9 halifai katika redio ya kilohezi 455. Tena tuulize kuta zake zimesimama namna gani. Chujio lenye upana wa hezi 500 katika desibeli 6, na hezi 1,000 katika desibeli 60, ni zuri. Likifika hezi 2,000 katika desibeli 60, jirani mwenye nguvu atapenya.

Kwa hiyo ushauri wangu ni chujio la hezi 500. Wenzetu wapendao kusema hawatapoteza kitu, maana chujio lao litabaki mahali pake. Na wanaojifunza Morse watasikia vituo ambavyo leo hawavisikii. Fedha za wazazi zimetosha chujio moja tu. Tulichague kwa kazi yake, si kwa wembamba wake.