Miezi Sita ya Dawa: Kumlea Kijana Anayetibiwa TB

Kifua kikuu kinapona. Tunaanza na neno hilo kwa sababu mzazi akishaambiwa kwamba binti yake wa kidato cha pili ana TB, mengi anayoelezwa baada ya hapo hayamwingii. Dawa hutolewa bure katika vituo vya serikali. TB ya mapafu isiyo sugu hutibiwa kwa kawaida miezi 6: miezi 2 ya mwanzo dawa aina nne zilizounganishwa katika kidonge kimoja, kisha miezi 4 dawa aina mbili. Idadi ya vidonge hufuata uzito, kwa hiyo apimwe uzito kila anapokwenda kliniki.

Mkojo wake utageuka rangi ya chungwa iliyokolea, hata jasho na machozi pengine. Ni rangi ya dawa iitwayo rifampisini, si damu. Mwambieni mapema, asije akaiona mwenyewe chooni akanyamaza na hofu yake.

Katika nyumba nyingi kitu cha kwanza kutengwa ni kikombe. Kinanunuliwa kipya, cha plastiki, kinawekwa peke yake dirishani, na wadogo zake wanakatazwa kukigusa. Kikombe hicho hakimkingi mtu yeyote. Vimelea vya TB husafiri hewani mgonjwa anapokohoa, kupiga chafya au kuongea. Haviambukizi kwa sahani, kijiko, shuka wala kupeana mkono. Kinachosaidia ni madirisha wazi mchana kutwa, jua kuingia ndani, kufunika mdomo anapokohoa, na wiki za mwanzo kulala peke yake kama nafasi ipo. Akimeza dawa sawasawa kwa wiki mbili hivi, uwezo wake wa kuambukiza hushuka sana. Lakini binti wa miaka 15 akishatengewa kikombe, ataanza mwenyewe kulia chakula chumbani, na kumrudisha mkekani ni kazi kubwa kuliko kumpa dawa. Rudisheni kikombe kabatini.

Wanaokaa naye wote wachunguzwe. Mtoto aliye chini ya miaka 5 na mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI wapelekwe haraka, hata kama hawakohoi, kwa sababu zipo dawa za kuwakinga.

Kipindi kigumu kuliko vyote huja karibu na mwezi wa tatu. Homa za jioni zimekwisha, jasho la usiku limekoma, mashavu yamejaa. Anauliza, "Mama, si nimeshapona?" Ni swali la haki, na jibu la "meza tu" halimtoshi kijana. Mwelezeni kwamba vimelea vingi vimekufa, ila vichache vimejificha na hufa polepole. Akiacha dawa sasa vinaweza kuzaliana upya, tena vikawa sugu, na tiba ya TB sugu ni nzito zaidi. Achague mwenyewe mtu wa kumsimamia: shangazi, kaka, yeyote anayemwamini. Msimamizi amwone akimeza, asimwachie vidonge mezani akaondoka. Mkikuta vidonge vimetupwa uani, msimpigie kelele. Huenda vinamtia kichefuchefu, au amechoka tu. Mwulizeni, kisha mwende naye kliniki.

Macho yakiwa ya njano, akitapika mfululizo, au akianza kuona ukungu na kushindwa kutofautisha nyekundu na kijani, mfikisheni kituoni siku hiyohiyo. Msingoje tarehe ya kadi ya kliniki. Ganzi au kuwaka moto kwenye nyayo nako kutajwe, maana mara nyingi vitamini B6 husaidia.

Njaa itarudi kwa nguvu. Maharage, dagaa, mboga za majani na uji vinatosha kumjenga. Hakuna haja ya kukopa ili kununua makopo ya dukani. Yai likipatikana moja akapewa yeye, mdogo wake atanuna, na ana haki ya kuelezwa kwa nini. Watoto wazima wa nyumba yenye mgonjwa husahaulika upesi.

Shuleni atarudi mganga akiridhika. Mwalimu wa darasa ajue, na akiwa bweni, matroni atunze dawa na kumsimamia. Ramadhani ikiingia, ulizeni kliniki kama anaweza kufunga na dawa ameze saa ngapi; siku isirukwe.

Makohozi hupimwa tena mwezi wa 2, wa 5 na mwisho wa tiba. Kupungua kikohozi si kipimo, kwa hiyo mwende naye mpaka majibu ya mwisho yaandikwe kwenye kadi. Baadhi ya wagonjwa hubaki wakihema haraka wanapokimbia, hata baada ya kupona. Wapewe muda kabla ya kurudi uwanjani, na hali hiyo isipoisha ielezwe kliniki. Kikohozi kikirudi kikapita wiki mbili, apimwe upya.