Si mwili uliozoea dawa, ni kimelea kilichobadilika

Bila shaka umewahi kumsikia mtu akisema kwamba dawa fulani ya malaria haimsaidii tena kwa sababu mwili wake "umeizoea". Maelezo hayo husikika katika matatu, sokoni na hata kwenye foleni ya zahanati. Hata hivyo, si ya kweli, na yanaweza kuleta hasara. Anayeyaamini hudhani kwamba tatizo ni lake peke yake, na kwamba mtoto ambaye hajawahi kumeza tembe hata moja atapona vizuri kwa dawa ile ile.

Kilichobadilika si mwili wa mgonjwa bali ni kimelea cha malaria chenyewe. Kikishabadilika, mbu hukibeba hadi nyumba ya jirani, na mtoto huyo huugua malaria isiyosikia dawa ingawa hajawahi kuitumia.

Mabadiliko hutokeaje?

Mwaka wa 1859, mwanasayansi Mwingereza Charles Darwin alichapisha kitabu kilichoeleza jinsi viumbe hubadilika kadiri muda unavyopita. Hoja yake ni rahisi kuelewa. Viumbe wa aina moja hawalingani kabisa, na baadhi ya tofauti zao hurithiwa na watoto. Mazingira yakiwa magumu, wale wenye tofauti inayowafaa huishi na kuzaa, na wengine hufa. Baada ya vizazi vingi, karibu wote waliobaki huwa ni wa ukoo wa wale walionusurika. Hakuna kiumbe anayeketi akaamua kubadilika.

Sisi binadamu pia tumepitia hayo. Mwaka wa 1954, daktari Anthony Allison, aliyelelewa hapa Kenya, alieleza kwa nini selimundu hupatikana zaidi Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria kuliko nyanda za juu. Mtoto aliyerithi chembe za urithi za selimundu kutoka kwa wazazi wote wawili huugua sana. Lakini aliyerithi kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Mahali penye mbu wengi, watoto wa namna hiyo walinusurika wakakua na kuzaa.

Mabadiliko kama hayo kwa binadamu huchukua karne nyingi, kwa kuwa kizazi chetu kimoja ni kama miaka 25. Kimelea cha malaria hakisubiri. Kikiingia katika chembe nyekundu ya damu, huchukua takriban saa 48 tu kujigawa na kutoa vimelea vipya kumi au zaidi. Mgonjwa mmoja anaweza kuwa na mabilioni yavyo mwilini. Katika umati huo, si ajabu kutokea kimoja chenye tofauti ndogo ya urithi.

Kisa cha klorokwini

Wasomaji wenye umri watakumbuka klorokwini, ile dawa chungu iliyowafanya wengi wajikune mwili mzima. Ilikuwa rahisi kwa bei na iliokoa maisha ya watu wengi sana. Ilifanya kazi kwa kujikusanya ndani ya kimelea, mahali kinaposagia chakula, na kukizuia kujikinga na sumu inayotokana na damu kinayokula.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, vimelea visivyosikia dawa hiyo vilionekana Kusini-Mashariki mwa Asia na Amerika Kusini. Vilikuwa na kasoro ndogo ya urithi iliyoviwezesha kuitoa dawa nje kabla haijaviua. Kila klorokwini ilipotumiwa, vimelea dhaifu vilikufa na hivyo vikabaki bila mshindani. Kufikia 1978 viligunduliwa Afrika Mashariki, na uchunguzi wa urithi baadaye ulionyesha kwamba ukoo wake ulitoka Asia. Kenya iliiacha klorokwini mwaka wa 1998 na kuchukua dawa za aina ya Fansidar. Nazo hazikudumu. Mwaka wa 2004 serikali iliamua kutumia dawa ya mseto ambayo wengi huijua kama AL.

Nchini Malawi kulitokea jambo la kutia moyo. Nchi hiyo iliachana na klorokwini mwaka wa 1993. Watafiti walipoijaribu tena kwa watoto mjini Blantyre, katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2006, ilishindwa kwa mtoto mmoja tu kati ya 80. Dawa ilipoondoka, kasoro ile haikuwa na faida tena, na vimelea vya kawaida vikashika nafasi yao. Kwa hivyo, ni matumizi yetu ya dawa yanayoamua ni kimelea kipi kitakachostawi.

AL nayo imo hatarini

Artemetha, sehemu moja ya AL, huua vimelea kwa kasi. Lumefantrini, ile ya pili, hukaa mwilini kwa siku kadhaa na kumaliza vilivyobaki. Lakini tangu 2008 vimelea vinavyochelewa kufa kwa dawa za jamii ya artemetha viliripotiwa Kambodia. Vingine vyenye tabia hiyo viliripotiwa Rwanda mwaka wa 2020 na Uganda mwaka wa 2021, na hao ni jirani zetu. AL ingali inaponya wagonjwa wengi, lakini usipoziba ufa utajenga ukuta.

Unaweza kufanya nini?

Kwanza, pimwa damu kabla ya kumeza dawa. Si kila homa ni malaria.

Pili, maliza dozi. Kwa kawaida mtu mzima hupewa tembe 24: nne kwa wakati, mara mbili kwa siku, kwa siku tatu. Homa huweza kushuka siku ya kwanza au ya pili, na hapo ndipo wengi huacha. Vimelea vinavyobaki ni vile vilivyostahimili zaidi.

Tatu, meza AL pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, ili mwili uipokee vyema. Usiwagawie wengine wala usiweke akiba.

Nne, homa ikikosa kuisha, rudi hospitalini badala ya kununua dawa nyingine dukani kwa kubahatisha.

Tano, lala ndani ya chandarua. Mbu asipokuuma, hana kimelea cha kumpelekea jirani.