Daraja Jipya Juu ya Kijito cha Tshangalele: Jinsi ya Kulijenga Bila Kuangamiza Viumbe wa Majini

Ziwa Tshangalele, lililo upande wa mashariki wa mji wa Likasi katika jimbo la Haut-Katanga, si ziwa la asili, kwa kuwa lilitokea pale mto Lufira ulipozuiwa kwa bwawa la Mwadingusha, lililojengwa katika miaka ya 1920 ili kuzalisha umeme wa migodi ya shaba. Kina chake ni kifupi, kingo zake zimejaa matete na mafunjo, na vijito vinavyoliingia hupita katika vijiji ambavyo watu wake huvuka kila siku wakipeleka samaki na mahindi sokoni. Madaraja ya vijito hivyo huchakaa, na kila moja linapobomolewa ili lijengwe upya, wahandisi huuliza litabeba tani ngapi, lakini ni wachache wanaouliza kijito kitabeba nini wakati wa kazi yenyewe.

Swali hilo lina uzito wa pekee Tshangalele kwa sababu ya mashapo, yaani tope na mchanga laini unaotulia chini ya maji. Kiwanda cha Shituru mjini Likasi kilianza kusafisha shaba mwaka 1929, na kwa miongo mingi taka za viwanda na migodi zimeshuka kwa mto Panda hadi Lufira na ziwani, zikilaza shaba na kobalti katika sakafu ya mito. Metali zilizofungwa ndani ya tope lisilo na hewa hutulia kwa kiasi fulani, lakini koleo la mashine linapolichimbua tope hilo na kulikutanisha na oksijeni, sehemu ya metali huyeyuka na kurudi majini, na shaba iliyoyeyuka, hata ikiwa kidogo sana, hushambulia matamvua ambayo samaki huyatumia kupumulia. Kwa hiyo, jambo ambalo katika mto mwingine lingekuwa uchafu wa siku mbili tatu, hapa laweza kuwa sumu.

Hatua ya kwanza, basi, ni kuyapima mashapo ya mahali patakapochimbwa kabla mashine hazijafika, na hilo si jambo la kufikirika tu, kwani Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina watafiti ambao kwa miaka mingi wamepima metali katika maji, udongo na samaki wa Katanga. Tope litakaloonekana kuwa na metali nyingi lisimwagwe ukingoni wala kupewa wakulima kama mbolea ya bustani, bali lirundikwe mahali pa juu, juu ya turubai au udongo mfinyanzi ulioshindiliwa, na lifunikwe kabla ya mvua.

Majira nayo huamua mengi. Mvua za Katanga hunyesha takriban kuanzia Novemba hadi Aprili, na huo ndio wakati kambare (Clarias gariepinus) wanapopanda vijito kwenda kutaga mayai katika nyasi zilizofurikwa. Kazi ya ndani ya maji ifanyike kati ya Juni na Agosti, kijito kinapokuwa chembamba na samaki wengi hawako katika safari ya uzazi. Na kama misingi haijakamilika mvua zinapokaribia, ni heri kusimama na kusubiri kiangazi kijacho kuliko kuziba njia yao.

Eneo la msingi hutengwa kwa tuta la muda la mifuko ya mchanga, linaloziba nusu moja ya kijito huku nusu ya pili ikiendelea kutiririka. Hapo ndipo samaki wengi hufa pasipo mtu kuona, kwa sababu wanabaki upande wa ndani wa tuta wakati pampu inapoanza kuvuta. Mdomo wa pampu ufungwe wavu wenye matundu madogo, maji yapunguzwe polepole, na watu wenye nyavu za mkono waingie asubuhi, kabla ya jua kuwa kali. Perege huchoka upesi na ndio wa kuondolewa kwanza, wakibebwa katika ndoo zilizojazwa maji ya kijito hicho hicho na kuachiwa upande wa juu wa kijito, kabla ya eneo la kazi. Kambare huhitaji uvumilivu zaidi: ana kiungo cha ziada kinachomwezesha kuvuta hewa, hivyo hujificha ndani ya tope lililokwisha kukauka juu, na hapatikani ila kwa kupapasa kwa mikono. Makubaliano na chifu na wavuvi yafanywe mapema kwamba samaki hao si kitoweo cha siku hiyo, na wavuvi wenyewe ndio wanaofaa kulipwa kwa kazi hii, maana hakuna anayejua maficho ya samaki kuwashinda wao.

Maji yanayotolewa na pampu yasirudishwe moja kwa moja kijitoni, bali yapitishwe katika shimo la kutulizia tope au juu ya uwanda mpana wa nyasi. Kipimo chepesi kinachoweza kufanywa na yeyote ni chupa mbili angavu, moja iliyochotwa juu ya kazi na nyingine chini yake, zikisimamishwa pamoja juani: ya pili ikiwa na ukungu mzito kuliko ya kwanza, kazi isimame hadi sababu ijulikane.

Zege bichi ni hatari ya aina nyingine. Maji yaliyogusa saruji huwa na ualikali mkali, wenye pH inayofika 12, na huunguza matamvua. Mashine ya kukorogea zege ioshewe mbali na ukingo, na maji yasiruhusiwe kugusa msingi kabla zege halijakauka. Mafuta ya mazutu yawekwe mbali vilevile.

Kuhusu umbo la daraja, daraja lenye nafasi pana chini yake ni bora kuliko bomba. Penye ulazima wa kalvati, sakafu yake izikwe chini ya sakafu ya kijito ili changarawe itande ndani yake, kwani bomba lililoning'inia huacha maporomoko madogo ambayo samaki wachanga hawawezi kuyapanda. Mimea ya ukingoni ikatwe pale tu panapohitajika, kwani ndege nao huihitaji: Ploceus ruweti, aina ya kwera aliyeelezwa kisayansi mwaka 1982 na kuonekana tena mwaka 2009, hajulikani kuishi kwingine ila katika eneo la ziwa hili.

Sheria ya Kongo namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 inataka miradi inayoweza kuathiri mazingira itanguliwe na uchunguzi wa athari. Wakazi wa vijiji vya Tshangalele, pamoja na machifu wao, wadai kuonyeshwa uchunguzi huo kabla ya lori la kwanza la mchanga kumwaga mzigo wake ukingoni.