Kusoma Uchumi wa Maendeleo Ukitokea Lulindi

Kijana wa Lulindi, kwenye mikorosho ya kusini mwa Tanzania, hafiki chuo kikuu mikono mitupu. Amekua akisikia bei za mnadani, malalamiko ya makato ya AMCOS (chama cha ushirika cha mazao) na habari za jirani aliyeuza korosho zikiwa bado maua. Hayo ndiyo masuala ya uchumi wa maendeleo. Kinachobaki ni kupata zana za kuyachambua, na zana hizo zina utaratibu wake.

Hatua ya kwanza ni hisabati. Hapa ndipo wengi wanakwama. Kidato cha tano, EGM (Uchumi, Jiografia, Hisabati) ndiyo njia iliyonyooka. HGE (Historia, Jiografia, Uchumi) na ECA (Uchumi, Biashara, Uhasibu) nazo zinafikisha, ila anayesoma BAM (hisabati ya msingi) peke yake atumie miezi ya kusubiri matokeo kujiongezea kalkulasi na takwimu. Nadharia nzuri bila hesabu itakuacha ukisifu au kulaani sera bila kujua imemgharimu nani.

Hatua ya pili, chagua kozi kwa kusoma orodha ya masomo yake, jina la kozi lisikutoshe. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina uchumi na pia kina taaluma za maendeleo. Ya kwanza inaegemea hesabu, ya pili historia, siasa na jamii. Sokoine wana uchumi wa kilimo, na Mzumbe nao wanafundisha uchumi. Ushauri wangu: shahada ya kwanza soma uchumi wenyewe au uchumi wa kilimo, maendeleo yafuate kwenye uzamili. Ukitegemea mkopo wa HESLB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu), cheti cha kuzaliwa kihakikiwe mapema RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Yatima ahakikishe pia vyeti vya vifo vya wazazi.

Hatua ya tatu ndiyo yenye utamu. Kila nadharia utakayofundishwa, ipime kwa historia ya kusini. Ukisoma mipango mikubwa ya serikali, chukua mradi wa karanga wa Waingereza, 1947 hadi 1951, uliofika Nachingwea: ulimeza takriban pauni milioni 36, na reli iliyojengwa kutoka Mtwara baadaye ikang'olewa. Ukisoma viwanda, uliza kwa nini viwanda vya kubangua korosho vilivyojengwa kwa mikopo ya nje katika miaka ya 1970 vilikosa malighafi. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani zipatazo 145,000. Katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalishuka chini ya tani 20,000. Watu walikuwa wamehamishiwa vijijini, mbali na mikorosho yao, bei ya mkulima ilikuwa duni, na ugonjwa wa ubwiri unga ukaingia mashambani. Usikubali jibu lenye sababu moja.

Kisha chukua kangomba. Mchuuzi anampa mkulima fedha kabla ya mavuno, naye analipwa kwa korosho. Sheria inakataza, na wengi wanaishia kusema ni wizi. Wewe piga hesabu. Tuseme mkulima kapokea shilingi 1,000 kwa kilo mwezi Julai, na Novemba kilo hiyo ikauzwa 2,000: amelipa riba ya asilimia 100 kwa miezi minne, imefichwa ndani ya bei. Sasa uliza: mtoto akiugua Julai, ni nani mwingine angemkopesha? Stakabadhi ghalani, mfumo wa kuuza korosho kupitia ghala na mnada ulioanza 2007, imeboresha mauzo wakati wa mavuno. Shida ya Julai bado inataka jibu lake.

Hatua ya nne, shika takwimu kwa mikono yako. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ina matokeo ya sensa ya 2022 na ya tafiti za kaya. Anza na Excel, kisha jifunze Stata au R. R ni bure.

Hatua ya tano ni utafiti nyumbani, na kuwa mwenyeji kusikudanganye. Chukua barua ya chuo, pitia halmashauri, kisha mtendaji wa kijiji. Ukihoji wanaume waliokaa kwenye baraza pekee, utapata uchumi wa wanaume. Wahoji kina mama peke yao, kwa saa wanazochagua wao, na uwaulize nani anashika fedha ikishaingia. Habari za kangomba zinaweza kumtia mtu matatani. Usiandike jina, wala alama ya nyumba. Wazee uwaamkie shikamoo na ukae nao kwanza. Dodoso litasubiri.

Kabla ya kukabidhi tasnifu, andika kurasa mbili kwa Kiswahili, uzisome mbele ya wanachama wa AMCOS uliowahoji. Wakiikataa hesabu yako ya makato, waombe stakabadhi zao na uikague upya, mstari kwa mstari, mkiwa pamoja.