Deni Ambalo Hukulitia Saini

Wadogo zangu, vuteni mkeka, leo tuna maneno.

Nimepata barua ya mdogo wangu mmoja, simtaji. Ni kifungua mimba. Baba yake pombe ilishamchukua siku nyingi. Mama yake amekuwa mtu wa kulala akiutazama ukuta. Wadogo zake watatu, ada yao, viatu vyao, hata homa zao za usiku, vyote vinamsubiri yeye. Kaandika kurasa nne, lakini swali lenyewe liko chini kabisa, mstari mmoja, kama aliona haya kuliuliza: "Dada, mtaani wanasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Ni kweli?"

Sikumjibu palepale. Nilimwambia atafute filamu moja, aitazame akiwa peke yake, halafu tuzungumze.

Filamu inaitwa Winter's Bone. Ni ya mwaka 2010, mwongozaji ni mwanamke anayeitwa Debra Granik, na hadithi imetoka kwenye riwaya ya Daniel Woodrell ya mwaka 2006. Usitarajie magari kulipuka. Iligharimu kama dola milioni mbili, ambazo kwa watengenezaji wakubwa wa Marekani ni hela ya chai, na ilipigwa hukohuko hadithi inakotokea, kwenye vilima vya Ozark, kusini mwa jimbo la Missouri. Wengine mle ndani si waigizaji wa kazi, ni wenyeji. Sisi tuliozoea Marekani ya maghorofa tunashangaa kidogo: nyumba za mbao, kuni zimepangwa barazani, magari mabovu yameota majani uani, mbwa wamefungwa minyororo, na baridi inayopenya hata kwenye kioo cha simu yako.

Binti anaitwa Ree Dolly. Ana miaka 17. Mama yake akili imemtoka, anakaa tu, anachanwa nywele na binti yake. Wadogo wawili, Sonny na Ashlee. Baba, Jessup, ni mpishi. Si wa pilau. Anapika methamfetamini, ile dawa ya kulevya ya unga ambayo imewamaliza watu wengi wa vijijini kule. Missouri yenyewe kwa miaka kadhaa ilikuwa kinara wa Marekani kwa idadi ya maabara zilizonaswa. Jessup alikamatwa, akapewa dhamana, akatoweka. Ndipo sherifu anakuja mlangoni na habari: dhamana aliyoiweka ni nyumba hii na msitu wake. Asipotokea mahakamani siku ya kesi, mnatoka.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mwandishi wa ile barua. Ree hakutia saini popote. Hakuulizwa. Lakini anayelipa ni yeye.

Basi anaanza kumtafuta baba yake, kwa miguu, nyumba hadi nyumba, na karibu wote anaowagongea ni ndugu. Mnaelewa maana yake? Kila mlango una damu yake, na kila mlango unafungwa. Wanajua kilichompata Jessup. Hakuna anayesema. Ndugu wa baba yake, Teardrop, anamkaba kwanza, halafu anampa hela.

Kuna sehemu moja naipenda kuliko zote. Jirani mmoja, naye wa ukoo, anampeleka Ree kwenye nyumba iliyoungua na kumwambia: baba yako kafia humu, dawa zilimlipukia. Anataka aamini, arudi nyumbani, anyamaze. Ree anaitazama. Humo ndani majani yameshaota, yamemfika kidevuni. Nyumba iliyoungua juzi haioti majani namna hiyo. Kwa hiyo anajua anadanganywa, na anajua wanamwona mtoto mjinga. Bwana huyohuyo anamwambia wako tayari kumchukua Sonny wamlee. Ashlee, hapana. Ree anakataa kwa ukali ambao hata mimi ulinikalisha wima.

Mdogo wangu, nyumba zetu nyingi zina hadithi ya namna hiyo. "Babu alikufa kwa presha." "Shangazi alihamia mjini, hana muda." Na majani yamefika kidevuni, kila mtu anayaona, watoto ndio wa kwanza kuyaona. Siri ya ukoo haimfichi mtoto jambo; inamfundisha tu kwamba jambo hilo halisemwi. Ninachokiita kurithi maumivu kinaanzia hapo, kabla ya pombe na kabla ya kipigo.

Na kipigo kinakuja. Ree anapong'ang'ania kuonana na mzee wa ukoo, Thump Milton, wanaompiga ni wanawake. Meno yanatoka. Baadaye wanaume wanajitetea kwamba hakuna mwanamume aliyemgusa, kana kwamba hiyo ni heshima. Nilisimamisha filamu nikaenda kuchemsha maji ya chai ambayo wala sikuyahitaji. Maana najua akina mama wa aina hiyo, na ninyi mnawajua: waliopitishwa kwenye moto, sasa kazi yao ni kuulinda moto usizimwe.

Siku chache baadaye wanawake walewale wanarudi usiku, wanamwambia twende tukakuonyeshe mifupa ya baba yako. Wanampakia kwenye mtumbwi. Kwenye maji ya baridi kali anaambiwa aingize mikono, amshike baba yake, amvute juu, wao wakate viganja kwa msumeno wa injini, ili apeleke ushahidi kwamba amekufa na nyumba ibaki. Granik hakuweka muziki wa kukuliza. Unamwona tu msichana akishika, akiachia, akipiga kelele, akiambiwa na mkono wa pili pia.

Tazama watu wanavyoisifu filamu hii. Wanasema Ree ni jasiri, Ree ni simba jike. Ilishinda tuzo kuu ya majaji Sundance mwaka 2010, ikateuliwa mara nne kwenye Oscar, na Jennifer Lawrence, aliyekuwa binti mdogo tu asiyejulikana sana, akawa nyota. Sawa, anastahili. Lakini hiyo sifa ya ujasiri inanikera, na nitawaambia kwa nini. Mtoto anayebeba mzigo wa watu wazima tukimwambia "wewe ni mwamba," tunamwongezea gunia. Mwamba haruhusiwi kulia. Mwamba haulizwi kama amekula. Mwandishi wangu wa barua ameniandikia kwa fahari kwamba shuleni walimwita mama mlezi. Alikuwa darasa la sita.

Ree mwenyewe anataka kukimbia. Anakwenda kwa afisa anayeandikisha vijana jeshini, kwa sababu kasikia kuna dola 40,000. Aliyecheza nafasi ile ni mwandikishaji wa kweli, na inaonekana, maana anamuuliza maswali taratibu kama mtu aliyewahi kukutana na akina Ree wengi. Hana umri wa kusaini peke yake, hawezi kwenda na wadogo zake, na hela haiji kesho. Bwana yule anamwambia kwa upole kwamba kubaki nyumbani kutamtaka uvumilivu zaidi ya vita. Ni sehemu fupi, haina hata tone la damu, na ndiyo iliyoniliza.

Sasa tuje kwenye nyoka. Kule San Diego, Marekani, miaka ya 1990, daktari Vincent Felitti na mwenzake Robert Anda waliwauliza watu wazima zaidi ya 17,000 kuhusu utoto wao: nyumbani kulikuwa na mlevi? Mgonjwa wa akili? Aliyefungwa? Mama alipigwa? Kadiri mtu alivyojibu ndiyo mara nyingi, ndivyo alivyoelekea zaidi kupata maradhi ya moyo, sonona na ulevi ukubwani. Matokeo ya kwanza yalichapishwa 1998. Kwa hiyo sitakudanganya kwamba yaliyopita yamepita. Mwili unaweka kumbukumbu zake. Lakini soma vizuri, mdogo wangu: alivyoelekea zaidi. Hakuna aliyesema lazima. Methali ile ya nyoka imeondoa neno dogo hilo, na watu wa mtaani wakaigeuza hukumu.

Mimi mwenyewe nimewahi kuogopa. Baba yangu akikasirika alikuwa hapigi mtu, anapiga meza, kiganja wazi, mara moja, vikombe vinaruka. Mwaka fulani mwanangu alimwaga maziwa, nikasikia ule mlio, vikombe vikaruka, nikatazama mkono uliokuwa mezani nikakuta ni wangu. Nilikaa chini. Nilimwambia mtoto, "Hivyo alikuwa anafanya babu yako, na mimi nilikuwa naogopa. Umeogopa?" Akasema ndiyo. Tukafuta maziwa. Sikugeuka mtu mwingine siku ile, meza nimeipiga tena mara moja au mbili. Ila sasa hasira hiyo tunaipa jina lake.

Tukirejea kwenye filamu, Debra Granik alikuja tena mwaka 2018 na filamu nyingine, Leave No Trace, na mimi naziona kama dada wawili. Humo yumo Will, askari mstaafu ambaye vita havijamtoka kichwani, na binti yake Tom wa miaka 13, wanaishi mafichoni kwenye msitu wa Forest Park pale Portland, Oregon. Huyu baba hapigi, halewi, anampenda mtoto wake hadi unamwonea wivu. Tatizo ni kwamba hawezi kulala chini ya paa, na mtoto amekua akidhani kulala chini ya paa ni hatari. Wanakamatwa, wanapewa nyumba kwenye shamba la miti ya Krismasi, baba anashindwa, wanatoroka tena. Mwishowe wanafika kwa watu waishio kwenye matrela msituni. Mama mmoja hapo anafuga nyuki. Tom anajifunza kuwashika bila glavu, kisha anamwita baba yake aone: nyuki wakitembea kiganjani, hawamuumi. Anamwonyesha kwamba dunia anayoiogopa baba imemkubali yeye. Baba anatabasamu, na bado anafunga mkoba wake. Tom anatembea naye mpaka njiani, anamweleza kwamba yeye hana ugonjwa ule alionao baba, anamkumbatia, anageuka kurudi kwa wale watu.

Ree alibaki, Tom aliachana na baba yake njiani, na mimi simlaumu hata mmoja.

Basi wewe kifungua mimba wangu, jibu langu ndilo hili. Ada za wadogo zako, lipa unachoweza, na kiwango chake kiandike kwenye daftari ili baba asikifikie kwa machozi. Usimdanganyie tena kazini kwake kwamba anaumwa. Mama si mvivu, anaumwa. Apelekwe hospitali, na asiwe na wewe peke yako, mtafute mjomba au jirani mmoja umwambie ukweli wote, siyo ule wa nyumba iliyoungua. Wadogo zako waambie kinachoendelea kwa maneno ya umri wao. Ree aliwafundisha wake kulenga bunduki na kuchuna kindi. Sonny alipouliza kama na matumbo huliwa, akamjibu kwamba hawajafika huko bado. Mtoto anaweza kuubeba ukweli wa namna hiyo. Na ile nafasi ya chuo uliyoitaja kwenye ukurasa wa tatu, kwa maandishi madogo, kana kwamba ni aibu, ijaze fomu kabla dirisha halijafungwa.

Mwisho wa filamu ya Ree, Teardrop anakuja na vifaranga wawili, mmoja wa Sonny, mmoja wa Ashlee. Wanakaa ngazini. Ree anampa banjo ya marehemu. Teardrop anaigusa kidogo, halafu anamwambia Ree kwamba amemjua aliyemuua Jessup. Ree anaelewa papo hapo, nasi tunaelewa, kwamba huyu anakwenda kulipiza na huenda harudi. Anaiacha banjo, anaondoka. Ashlee anaichukua, inamzidi ukubwa, kifaranga yuko kando yake, na anaanza kukwangua nyuzi za baba yake mmoja mmoja, vibaya sana, bila kumtazama mtu.